Watu wa Visiwani Nao Huenda Kupumzika Wapi?



Jirani yetu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kibelgiji aliyekwishavuka miaka themanini, ana desturi ya kutupa habari za mvua kabla ya kutusalimia. Juni iliyopita tulikutana naye kwenye kituo cha tramu nambari 44, ile inayokwenda Tervuren, akatuuliza mwaka huu tunakwenda likizo wapi. Tukamwambia Unguja, Mungu akipenda. Akacheka. "Lakini kule ndiko watu wote wanakokwenda," akasema. "Mimi nataka kujua wale waliozaliwa kule. Wakichoka, wao huenda wapi?"

Tulimjibu kwa mzaha kwamba huja Ostend, tramu ikafika, mazungumzo yakakatika. Swali halikukatika. Tulilala nalo, tukaamka nalo, na Jumamosi tukalipeleka kwenye barza yetu ya Matonge, karibu na Porte de Namur, ambako hakuna swali linalorudi bila majibu kumi. Mwenzetu wa Mombasa akasema Lamu, kwenye Maulidi. Mngazija akasema kwao watu hawaendi, watu huja. Ndugu yetu wa Bukavu akasema kwao Wazungu walikuwa wakipumzika na babu yake akiwapikia. Mzee mmoja wa Vuga, aliyekuwa kimya akikoroga chai yake, akatamka neno moja tu: "Shamba."

Tukamwambia shamba ni kazini, si likizo. Akatutazama kama tunavyowatazama watoto wetu wanapoita chapati "krepu".

Basi tumejaribu kumfuata mzee huyo, na tuliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza neno lenyewe. Likizo tunalitamka kila siku lakini asili yake ni kulikiza, na wazee walikuwa wakimlikiza mtoto ziwa, yaani kumwachisha. Mfanyakazi aliyepewa likizo basi ni mtu aliyeachishwa kidogo ziwa la mwajiri wake, kisha atarudi kunyonya. Asiyeajiriwa hana wa kumlikiza. Na tusidhani kwamba Wazungu walizaliwa nayo. Hapa Ubelgiji ilibidi migomo mikubwa ya Juni 1936, na sheria ya tarehe 8 Julai mwaka huo huo, ndipo wafanyakazi wakapata mapumziko ya kila mwaka yenye malipo. Siku sita! Reli ya kufika Ostend ilikuwepo tangu 1838, ikipeleka wafalme na wenye mali kupunga upepo. Mchimba makaa wa Charleroi alingoja karibu miaka mia moja naye apate wasaa wa kwenda kuiona bahari ya nchi yake.

Kwetu maneno yalikuwa mengine. Mtu alikuwa akienda kutembea, akienda kupunga upepo, au kama aliugua, akienda kubadilisha hewa. Hata leo ukishuka bandarini Malindi na masanduku yako, hakuna atakayekuuliza kama uko likizoni. Utaulizwa: "Umekuja kutembea?" Na kutembea kwetu si miguu. Ni kwenda kwa mtu.

Sasa shamba. Mji wa Unguja umekaa kwenye rasi, nyumba za mawe zimebanana, na inapovuma kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, joto lake wanalijua waliolilala. Zamani msimu huo ndio majahazi yalipoingia kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, mji ukafurika watu na maji yakawa machafu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Kutoka mjini hakukuwa anasa tu. Mara nyingine kulikuwa kujiokoa.

Sayyid Said bin Sultan, aliyeihamishia dola yake Unguja na kuijaza mikarafuu, hakupenda kukaa mjini. Makao yake aliyoyapenda yalikuwa Mtoni, ufukweni kaskazini ya mji. Mwaka 1850 alijenga hamamu kule Kidichi, juu ya kilima katikati ya mashamba, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, ili wakitoka kuzunguka mashamba na kuwinda wapate pa kuoga na kupumzika. Hamamu ipo hadi leo, mapambo yake ya maua na ndege wa Kiajemi yangali ukutani, na watalii huletwa kuiona kwa dakika chache kabla ya kupelekwa kunusa viungo. Ukiwauliza wapi matajiri wa kisiwa walikuwa wakipumzika, wamesimama ndani ya jibu.

Binti yake Said, Sayyida Salme, alizaliwa Mtoni 1844. Baada ya fitina ya 1859, alipomsaidia kaka yake Barghash kumpinga kaka yao Majid na wakashindwa, alijitenga na mji akaishi shambani kwake Kizimbani, kisha Bububu, pembeni ya bahari. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapwa Ujerumani 1886, na mashamba hayo ndiyo aliyoyaandikia akiwa kwenye baridi. Alikuwa ameondoka Unguja 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akafa Jena 1924. Watu wa nchi iliyomzika leo hulipa fedha nyingi kwenda kulala wiki mbili karibu na alikozaliwa.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana magazeti ya utalii hayausemi. Mapumziko ya shamba yalikuwa ya mwenye shamba. Aliyepanda, aliyechuma na aliyeanika karafuu alikuwa mtumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria Unguja mpaka Aprili 1897. Desturi ilimpa mtumwa wa shamba siku mbili, Alkhamisi na Ijumaa, na siku hizo akizitumia kulima kijishamba chake ili apate chakula. Hizo ndizo zilikuwa siku zake za kupumzika: kulima kwengine.

Turudi kwa Barghash, maana huyu ndiye hasa tunayemtafuta. Alipata usultani 1870, na sidhani pwani yetu imewahi kuwa na mtu aliyependa kuhama nyumba kama yeye. Alikuwa na kasri la Chukwani, kusini ya mji, pahala penye hewa safi alipokwenda kujipumzisha, na baadaye akajenga Marhubi, iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kuungua 1899. Mwaka 1875 alisafiri mpaka London, akapokewa kwa heshima zote, na katibu wake Zahir bin Said akaiandika safari hiyo kwa Kiarabu. Ilikuwa safari ya siasa, baada ya Waingereza kumshurutisha kufunga soko la watumwa 1873. Salme naye alikwenda London mwaka huo kutoka Ujerumani akitumaini kumwona kaka yake. Hakupata.

Alichokifanya aliporudi ndicho kinachotufurahisha. Mnamo 1879 Barghash alitandika njia ya reli kutoka mjini mpaka Chukwani, maili saba. Mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, kisha 1881 ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Tafadhali lisome tena jambo hili. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896, watoto wetu husomeshwa kama ndiyo mwanzo wa gari la moshi Afrika Mashariki. Kumbe miaka mingi kabla yake kulikuwa na reli Unguja, na haikujengwa kubeba pembe wala karafuu wala askari. Ilijengwa ili mtu mmoja na jamaa zake waende kupunga upepo. Barghash akafa 1888, na reli yake haikudumu baada yake.

Kwa Wabelgiji tuweke neno hapa, kwa kuwa tunaishi kwao. Wa mwanzo wao waliofika Unguja kwa shughuli za mfalme Leopold wa Pili hawakuja kuota jua. Walitumwa na ule mkutano wa jiografia ulioitishwa hapa Brussels, ikuluni, Septemba 1876. Watu wawili wa msafara wa kwanza, Crespel na Maes, walikufa Unguja Januari 1878 kabla ya kuuvuka hata mlango wa bahari kwenda bara. Jirani yetu tulipomsimulia alishangaa kwamba palikuwa na wakati ambapo Mbelgiji aliyepewa tiketi ya Zanzibar aliagwa na mama yake kwa machozi.

Mwaka 1905 ikaja reli ya pili, hii ya wananchi. Kampuni ya New York, Arnold, Cheney, ilijenga njia kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, nayo maili saba. Ilipita katika mitaa myembamba karibu na milango ya watu, cheche zikiruka. Ilibeba watu wa shamba na mazao yao kuja sokoni, na abiria wa meli zilizotia nanga kwenda kuona mikarafuu, lakini pia ilibeba watu wa mjini waliotaka kutoka mchana wakarudi jioni. Kabla ya miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha. Magari ya barabarani yaliimaliza, na waliobaki wakiikumbuka kwa kelele zake.

Barabara ndiyo iliyofungua Chwaka. Chwaka iko pwani ya mashariki, maili ishirini hivi kutoka mjini, njiani unapita Dunga palipokuwa na kasri la Mwinyi Mkuu. Wakati wa kaskazi, mji unapokuwa tanuri, Chwaka inapokea upepo wa bahari kuu kifuani. Wenye uwezo wa mjini, Waarabu na Wahindi, walikuwa na nyumba pale, na wakubwa wa serikali ya Kiingereza nao wakajenga zao. Wazungu wengine walikwenda Changuu, kile kisiwa kilichonunuliwa 1893 kwa gereza, kikawa karantini, na pasipokuwa na wagonjwa kikawa pahala pa mapumziko. Makobe wake, walioletwa zawadi kutoka Shelisheli 1919, ni wakaazi wa kisiwa cha joto waliopelekwa kisiwa kingine cha joto, na hadi leo hawajaomba kurudi.

Shangazi yetu, ambaye sasa ana umri wa miaka sabini na tisa, alikwenda Chwaka utotoni katika miaka ya 1950. Baba yake alikuwa karani, si tajiri, lakini alikuwa na rafiki mwenye nyumba. Safari ilikuwa kuhama kwenyewe. Magodoro juu ya basi, mkaa, sufuria, kuku watatu wamefungwa miguu, birika la chai, na bibi mzaa baba akishikilia mtungi wake wa maji kwa sababu maji ya Chwaka, alisema, yana chumvi. Walikaa wiki mbili. Wanaume walirudi mjini kazini na kuja mwisho wa wiki. Wanawake waliingia baharini na kanga zao magharibi inapokaribia, watu wasiwaone. Tulipomuuliza walikuwa wakifanya nini mchana kutwa, alifikiri sana, akasema: "Tulikuwa tunalala, mwanangu. Na tunakula pweza."

Hiyo ilikuwa ya watu wa mjini. Mtu wa kijijini naye alikuwa na kalenda yake. Makunduchi, kusini ya kisiwa, Julai inapofika watu husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jua wenye asili ya Nairuzi ya Kiajemi. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba hawamwachi mtu, na siku hiyo nyumba isiyo na mgeni huonekana ina upungufu. Mtu wa Makunduchi aliyeko mjini, Pemba au Dar es Salaam hurudi kwao. Sikukuu za Idi watoto wa shamba waliletwa mjini kwenye pembea na vinyago vya Mnazi Mmoja, na wa mjini walipelekwa shamba kwa bibi zao. Kwa hiyo, mkiona, kisiwa kizima kilikuwa kikibadilishana nafasi: wa mji kwenda shamba, wa shamba kwenda mji, wa magharibi kwenda mashariki kufuata upepo. Kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 tu kilikuwa na mbali yake.

Msimu wa karafuu ulikuwa jambo la peke yake, nusu kazi na nusu sherehe. Watu waliondoka Unguja kwenda Pemba kuchuma, na baada ya Mapinduzi skuli zilifungwa wanafunzi wakapelekwa kuchuma. Waliokwenda wana kumbukumbu mbili zisizopatana: mmoja atakusimulia ngoma za usiku na mapenzi ya kwanza, mwingine atakuonyesha kovu alilopata alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu. Mzee wetu wa Vuga anazo zote mbili.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliukata utaratibu huu. Ardhi ikawa ya serikali, na kuanzia 1965 mashamba makubwa yakagawiwa eka tatu tatu. Hatutaki kufungua kesi ya zamani hapa. Kwenye barza yetu kesi hiyo ikifunguliwa chai hupoa. Tunasema tu kwamba kwa aliyepewa, eka tatu zilikuwa haki ambayo babu yake hakuiota, na kwa familia ya mjini "kwenda shamba" kulikwisha katika mwaka mmoja. Na kutoka nje ya kisiwa, hata kuvuka tu kwenda bara, kukawa kwa ruhusa, na ruhusa ilikuwa ngumu. Kisiwa ambacho kwa karne nyingi kiliishi kwa kuja na kwenda kikafungwa mlango.

Wapo waliosafiri wasirudi. Sultan Ali bin Hamud alikwenda Ulaya 1911 kuhudhuria kutawazwa kwa mfalme George wa Tano, akajiuzulu huko huko, akaishi Paris mpaka alipokufa 1918. Sultan wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliondoka tarehe 12 Januari 1964 kwa yoti yake, akakataliwa kushuka Mombasa, akapita Dar es Salaam na kuishia Uingereza. Na unajua alikokaa kwa zaidi ya nusu karne? Southsea, Portsmouth, mji wa ufukweni wenye kokoto na gati la starehe, mahala ambapo Waingereza walikuwa wakienda kupumzika kabla ya kugundua kwamba ndege inaweza kuwafikisha kwake. Aliruhusiwa kuishi Oman 2020, akafariki huko Disemba 2024.

Ndugu yetu wa Bukavu naye hatukumsahau. Wakati wa ukoloni afisa wa Kibelgiji aliyemaliza muhula wake Kongo alikuwa na haki ya kurudi Ubelgiji kupumzika. Mei 1940 Wajerumani wakaivamia Ubelgiji, njia ikafungwa miaka mitano. Wakoloni hawakuwa na pa kwenda, wakapanda milimani kwenye baridi ya ziwa Kivu: Goma, Gisenyi, na Bukavu iliyokuwa ikiitwa Costermansville. Hoteli na nyumba za ziwani zikaongezeka, na baada ya vita picha za Kivu zikatangazwa kama pwani ya Ulaya iliyohamia Afrika. Babu wa rafiki yetu alipika kwenye moja ya nyumba hizo. Likizo yake yeye, anasema, ilikuwa pale bwana wake alipopata malaria.

Hapo ndipo tunapoliona swali la jirani yetu kwa sura nyingine. Palipo na mtu anayepumzika, pana mtu aliyesimama na sinia.

Utalii wa leo Zanzibar ulianza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na sheria ya uwekezaji ya 1986 ikafungua njia ya hoteli. Wakati huo huo, 1989, wanawake wa Paje na Jambiani walianza kulima mwani baharini kwa ajili ya kuuza nje, kwa hiyo ufukwe mmoja ukapata kazi mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9 Zanzibar nzima. Wageni waliofika 2024 peke yake walizidi 700,000. Hatuwachukii, wengi wetu tuna kaka au dada anayekula kwa ajili yao. Ila wengi wa hao wahudumu wa hoteli, tena, si wa kisiwani. Ni vijana wa bara, na mapumziko yao huja Aprili na Mei, masika yanapomwagika na hoteli nyingi kufunga. Mhudumu wa ufukweni hupumzika mvua ikinyesha, tena mbali na ufukwe, kwa mama yake Tanga au Moshi. Wa kisiwani naye akipata nafasi hupanda boti kwenda Dar es Salaam, chini ya saa mbili au zaidi kidogo, kutembelea ndugu, kufanya matibabu na kununua vitu. Mwenye ndugu Maskati au Dubai huenda huko. Mngazija aliyesema kwao watu huja alikuwa na lake pia: kila Julai na Agosti Wakomoro wa Ufaransa, wanaoitwa kwa jina la "Je viens", hushuka Moroni na masanduku kwa ajili ya arusi kubwa, na mwaka mzima wa mishahara huliwa kwa wiki tatu.

Sisi hatuna tofauti nao. Tunaondoka Zaventem na masanduku ya kilo ishirini na tatu yaliyojaa viatu vya watu wengine. Tukifika, wiki ya kwanza ni kuhani misiba ya mwaka mzima, ya pili ni harusi na mahari, ya tatu ni kupelekana hospitali na kwa wakili wa kiwanja, ya nne ni kuaga. Watoto wetu walipokuwa wadogo waliandika skulini kwamba wamekwenda likizo Zanzibar, mwalimu akawaomba picha za bahari. Hawakuwa nazo. Walikuwa na picha za sebule kumi na mbili.

Kwa hiyo miaka michache iliyopita tuliamua siku moja tuwapeleke ufukweni, pamoja na binamu zao watano wa mjini. Tulikwenda upande wa mashariki. Tukapita kwenye njia ya miguu kando ya hoteli moja ambayo hatutaitaja, na mlinzi akatusimamisha. Alikuwa mpole. Aliwatazama watoto wetu waliokuwa wakizungumza Kifaransa, akawaambia "karibuni". Aliwatazama binamu zao, akauliza hawa wamefuatana na nani. Walikuwa na rangi moja, pua moja, bibi mmoja. Tofauti ilikuwa viatu. Tukasema wamefuatana nasi, tukapita sote, watoto wakaogelea mpaka jua likazama. Lakini yule mkubwa wa binamu zao, kijana wa miaka kumi na minne, hakuingia majini. Alikaa akilinda nguo. Tulipomwita alisema hajisikii. Babu yake yule karani alikuwa akija pwani hiyo hiyo na magodoro na kuku.

Mwaka jana basi tulifanya jingine. Tulikata siku nne kutoka kwenye misiba na harusi (tulilaumiwa, na lawama tunazo bado) tukakodi nyumba ya mwenyeji Chwaka, yenye vyumba vitatu na mpishi hakuna. Tukamchukua shangazi. Alikuwa hajakanyaga Chwaka tangu kabla ya Mapinduzi, ingawa ni mwendo wa saa moja kwa daladala. Hakuna aliyemzuia. Hakuwa tu na mtu wa kumwendea kule.

Alichukua maji yake ya kunywa kutoka mjini, kwenye dumu. Siku ya kwanza alizunguka akitafuta nyumba ya rafiki ya baba yake asiione, akauliza wavuvi, wakamwonyesha msingi wa mawe wenye mpapai katikati. Alisimama pale kidogo, akasema walikuwa wakilala upande huu. Kijana wetu wa miaka kumi na minne, sasa ana kumi na saba na sauti nzito, aliingia baharini asubuhi akatoka adhuhuri. Kaka yake alinunua pweza kwa wanawake waliokuwa wakitoka mwambani, tukambishania bei kwa adabu tukashindwa.

Jioni ya mwisho tulikaa nje na upepo ukivuma. Shangazi akatuuliza, "Na nyinyi huko Ulaya, mkichoka, mnakwenda wapi?"

Tukamwambia: "Tunakuja huku."

"Huku?" akasema. "Huku si ndiko mnakokuja kuchoka." Kisha akasukuma kikombe chake mezani, na mmoja wetu akainuka kumtilia chai.